Kamba ya Mzee Wilibrodi na Gunia la Wageni

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 2001, Mzee Wilibrodi Kasonso anashusha kamba ya kizuizi cha barabara ya Laela kwa mara ya mwisho. Ametumikia miaka thelathini na miwili. Alipoanza kazi mkoa wetu ulikuwa bado haujaitwa Rukwa, na yeye alikuwa bado hajaitwa Mzee. Wanaomkumbuka wakati ule wanasema alikuwa kijana mwembamba ndani ya koti kubwa la kijani. Mwili ameongeza kidogo. Koti ni lile lile.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu aliyesoma. Mzee akakataa. Akasema aandike yule anayejua yeye hunywa chai kwa vijiko vingapi vya sukari. Basi naandika mimi, Bertila, mhudumu wenu wa chai hapa halmashauri, ambaye wengi mnaniita Mama Fortunata. Nimeishia darasa la nne na hilo halijawahi kuwa siri hapa ofisini, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mnaposoma. Vijiko ni vitatu. Habari ya sukari nitairudia mbele, maana Mzee hakuitaja bure, na mimi najua kwa nini aliitaja.

Alianza kama tarishi. Barua za Ilemba alizipeleka kwa baiskeli, na nyote mnaijua njia ya kuteremka bondeni ilivyo. Mwenyewe anasimulia kwamba wakati wa kwenda yeye alikuwa juu ya baiskeli, wakati wa kurudi baiskeli ilikuwa juu yake. Alifanya hivyo miaka mingi, na ndiyo maana mguu wa kushoto unamsumbua wakati wa baridi. Mama yetu Marsiana, mkewe, nakuomba mkisharudi kwenu Laela umfunge kitambaa cha moto jioni, hasa miezi hii ya upepo. Yeye hatasema kama unauma.

Halmashauri ziliporudishwa mwaka 1984 akapewa kizuizi. Vifaa vyake vilikuwa kibanda cha bati, kitabu cha stakabadhi, daftari, na kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vyekundu ili madereva waione. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: anayepitisha mazao kwenda kuuza asimame, alipe ushuru, apewe stakabadhi, kamba ishushwe, apite. Aliambiwa atakaa pale miezi mitatu mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Imepita miaka kumi na saba.

Alikuwa na spoku ya baiskeli, nadhani ya ile baiskeli ya Ilemba, aliyoinoa ncha ili kuchomea magunia aone kilichomo. Kwa spoku hiyo amepata maharage chini ya mkaa, maharage chini ya godoro, na mara moja maharage chini ya bibi harusi. Siku ile lori zima liliimba na kupiga vigelegele ili apumbazike. Aliwaacha wakaimba mpaka mwisho wa wimbo, akapiga makofi ya heshima, kisha akamwomba bibi harusi asimame kidogo.

Hakuwa na upendeleo. Mkewe mwenyewe alipoleta magunia mawili ya mahindi kuuza mjini, alimtoza kama mtu mwingine yeyote. Mama yetu Marsiana hakubishana. Alilipa, akapokea stakabadhi, akaikunja vizuri. Jioni Mzee alipofunua sahani akakuta stakabadhi, na ugali haupo.

Ndugu zetu wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa nao wana habari yao. Wanasema maksai wao wameizoea ile kamba kiasi kwamba hata Jumapili, kamba ikiwa chini na Mzee yuko kanisani, mkokoteni ukifika pale wanyama husimama wenyewe na kungoja. Mwenye mkokoteni hulazimika kushuka na kuwasukuma. Walimu wa shule nyingi wangetamani kuwa na wanafunzi wa namna hiyo.

Lakini msije mkadhani alikuwa mtu wa kubana tu. Pale kizuizini yalikuwako mambo matatu ambayo hayakulipiwa, na hakuna karatasi iliyoyaandika. Aliyakuta kwa wazee, akayashika. Mbegu ya kupanda ilipita bure. Chakula cha mgonjwa kilipita bure. Na chakula cha msiba kilipita bure. Mtu akisema ana msiba, Mzee huvua kofia, hushusha kamba, kisha huingia kibandani na kutoka na bakuli la unga wake mwenyewe, aliongeze juu ya mzigo. Kwetu Ufipa mtu haendi msibani mikono mitupu, na yeye alihesabu kwamba mzigo ukipita kwake, na yeye amekwenda.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, simtaji maana leo amealikwa na atakuwa anakula pamoja nasi, aliyefiwa na baba mkwe mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza alipewa pole na bakuli la unga. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu Mzee alivaa koti, akafunga kibanda, akapanda kwenye lori, akasema msiba wa namna hii mtu haachiwi peke yake. Walikwenda mwendo mrefu. Karibu na Laela yule bwana akasimamisha lori, akaomba waongee. Alilipa safari zote tatu. Mabakuli mawili ya unga nayo aliyarudisha.

Sasa nifike mwaka 1998, ambao wengi wenu mnangoja kuona kama nitauruka. Siuruki.

Ilikuwa baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara. Serikali ilikuwa inatangaza kwamba milango iko wazi kwa wawekezaji. Kwetu ikaja habari ya Kampuni moja kubwa ya unga. Ilikuwa na jina refu; sisi jikoni tuliiita Kampuni tu. Ilitaka kujenga kinu kikubwa cha kusaga mahindi hapa Sumbawanga, na iliomba isamehewe ushuru wa mazao na kodi ya kiwanja kwa miaka kumi, na ipewe kiwanja chenyewe bure. Mjini ilisemekana kwamba kinu kitaajiri watu mia tatu.

Watu wakagawanyika. Ndugu Leonidas, Afisa Biashara wetu, alikuwa upande wa kusamehe, tena kwa moyo wote. Alisema bila msamaha Kampuni haina sababu ya kupita mikoa yenye lami ije kwetu. Upande wa pili alikuwako dada Silvana, mwenye mashine ya kusaga nyuma ya soko, aliyetumwa na wenzake wenye mashine ndogo. Yeye analipia leseni, analipia ushuru, analipia hata kibao chenye jina lake. Alisema yeye akiomba kusogezewa mwezi mmoja anaonyeshwa sheria, na huyu mkubwa anaombewa miaka kumi hata kabla hajafika. Wote wawili walikuja kubishana kwenye chai yangu, na nilipowasikiliza kila mmoja peke yake nilimwona ana haki.

Lakini ukweli wangu ni mmoja. Binti yangu Fortunata alikuwa amemaliza kidato cha nne na amekaa nyumbani mwaka mzima. Kila asubuhi anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alianza kusema habari za kwenda Tunduma, kuna rafiki yake anauza huko mpakani. Mimi nilikuwa silali. Nilisikia watu mia tatu, nikasema katika mia tatu mmoja hawezi kukosa kuwa wangu. Wangenisikiliza, ningeisamehe Kampuni miaka ishirini.

Wageni walikuja mwezi wa nane, wakaonyeshwa kiwanja, wakala chakula cha mchana. Mimi niliagizwa niwaandalie zawadi ya gunia la maharage. Nililijaza kwa mikono yangu, na sikulijaza kama la kawaida. Nilililundika juu mpaka likawa na kilemba, nikaongeza wavu wa kamba juu yake kama wanavyotaka walanguzi, ili wajue hapa si watu wachoyo. Na ndani, karibu na mdomo wa gunia, nikaweka bahasha yenye barua ya maombi ya Fortunata na cheti chake cha shule. Si nakala ya kivuli. Cheti chenyewe. Siku ile umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kivuli haikufanya kazi, na nilifikiri mkuu wa Kampuni akifungua maharage kwake ataona jina la mwanangu kabla ya kitu kingine chochote. Nikashona gunia kwa uzi mwekundu, mshono wangu ule wa kurudia.

Msafara ukaondoka saa nane kwa njia ya Laela. Mbele gari la Ndugu Leonidas la kuwasindikiza, nyuma gari la wageni. Kamba ilikuwa juu. Yaliyotokea pale nimeyapata kwa dereva wetu, ambaye alisimulia kwa kirefu na kwa kicheko, akala maandazi yangu manne bila kujua moyo wangu ulivyokuwa.

Mzee alisalimia, akazunguka gari, akaliona gunia. Akavua kofia, akamwuliza msemaji wa Kampuni, bwana mmoja kutoka Dar es Salaam mwenye shati jeupe, kama wana msiba.

Yule bwana akashangaa. Akajibu hapana, Mzee, sisi ni wazima kabisa, tunashukuru.

Mzee akauliza kama wana mgonjwa, au kama yale maharage ni mbegu. Hapana na hapana. Basi Mzee akavaa kofia yake na kusema itabidi walipe.

Ndugu Leonidas alishuka kwenye gari lake karibu alie. Alieleza kwamba hawa ni wageni wa serikali, kwamba gunia ni zawadi ya halmashauri, na kwamba kizuizi chenyewe ni cha halmashauri. Mzee akakubali yote hayo. Ndugu Leonidas akatoa pochi alipe yeye. Mzee akasema stakabadhi huandikwa kwa jina la mwenye mzigo. Mwisho yule msemaji akalipa huku anacheka, gunia moja na nyongeza ya kilemba chake, maana Mzee alilipima, na kilemba nilikiweka mimi. Mpaka leo, Ndugu Leonidas akianza kueleza faida za wawekezaji, kuna watu humkumbusha kwamba ile ndiyo kodi pekee ambayo Kampuni imewahi kulipa kwetu.

Dereva alisema pia kwamba Mzee alichoma gunia kwa spoku, akasimama, akauangalia ule mshono, akafungua kidogo mdomo wa gunia. Akatoa kitu. Kisha akazungumza na msemaji kando ya gari, kama dakika kumi, dereva hakusikia nini.

Ijumaa Mzee alikuja kuleta vitabu ofisini kama kawaida yake. Akapita jikoni. Akaweka juu ya meza yangu cheti cha Fortunata, kimefungwa kwenye karatasi safi.

"Cheti hakipandwi kwenye maharage, Mama Fortunata," akasema. "Barua nimempa mkononi. Hiki kitunze."

Nilimwuliza yule bwana alisemaje. Akasema aliipokea. Nikamwuliza tena, akaniomba chai.

Nilikasirika kwa namna ambayo sijui niiandikeje. Niliona ameingiza mkono kwenye mambo ya mwanangu. Niliona ameifungua barua ya siri mbele ya watu, amewatoza wageni kwa maharage yangu, na sasa nani atamwajiri binti wa watu wa namna hii. Nilimmiminia chai. Sukari sikutia hata punje.

Wiki mbili baadaye kukawa na kikao juu ya ule msamaha, na Mzee akaitwa kujieleza kwa nini alisimamisha wageni. Msifikiri lilikuwa jambo dogo. Wako waliokwisha kusema kizuizi apewe mtu mwingine. Aliambiwa aje na daftari lake. Wakubwa walisoma safu ya fedha, wakaona gunia moja, zawadi, limelipiwa, wakalifunga daftari. Safu ya mwisho, ile ya Maelezo, hakuna aliyeisoma. Watu wazima wote wale, na miwani wanayo.

Mimi nilikuwamo, nagawa chai. Mzee alisimama na koti lake, akaeleza yale mambo matatu yanayopita bure, akasema aliwauliza wageni wakasema hawana msiba. Watu wakacheka. Ndipo akaomba na yeye aulize swali moja.

"Huyu tunayetaka kumsamehe miaka kumi," akasema, "amefiwa na nani?"

Kikao kizima kilicheka, na dada Silvana alipiga meza. Ndugu Leonidas peke yake hakucheka. Alisimama polepole, na nataka niandike vizuri alichosema, kwa sababu watu hukumbuka swali la Mzee na kusahau jibu alilopewa.

"Waliofiwa ni sisi, Mzee wangu," akasema. "Barabara imekufa. Umeme ni wa kubahatisha. Watoto wanamaliza shule wanakwenda mpakani kubeba mizigo ya watu. Mtu akikubali kuingia kwenye nyumba yenye hali hii, tumsimamishe mlangoni tumdai?"

Birika lilikuwa mkononi mwangu na nilitaka kuliweka chini nipige makofi. Huyu alikuwa anamsema Fortunata bila kumjua. Nilimtazama Mzee nikaona anaikunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja, nikasema leo amekwisha.

"Ndugu Leonidas amesema kweli," akasema Mzee. "Msiba ni wetu. Sasa anayekuja msibani kwetu huja na bakuli la unga. Huyu naye aandike bakuli lake lina nini. Ataajiri wangapi, wa kutoka wapi, kwa kazi gani, kuanzia lini. Akiandika, kamba nitaishusha mwenyewe, na nitamvulia kofia."

Akaketi. Hawakucheka tena. Walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili, na mwisho wakakata shauri hivi: msamaha upo, miaka kumi yote, lakini Kampuni iandike idadi ya ajira na wenyeji watakaopata, na isipotimiza kwa mwaka wa pili msamaha ukome. Ndugu Leonidas mwenyewe ndiye aliyeandika ile barua, na aliiandika kwa heshima zote.

Kampuni ikajibu kwamba inatafakari. Mvua zikaja, zikaisha. Tukasikia kinu kimejengwa mkoa mwingine, penye lami. Sisi tukabaki na kiwanja chenye kibao cha jina la Kampuni, na sasa kibao nacho kimepata kazi, akina mama huanikia mahindi kando yake.

Kama ilikuwa sawa au si sawa, siwezi kuwaambia. Ndugu Leonidas anasema tulipoteza, kwamba hata watu wachache ni bora kuliko kibao, na akisema hivyo nikiwakumbuka vijana wa mtaani kwetu wanaokaa ukutani tangu asubuhi, siwezi kumkatalia. Dada Silvana ameongeza mashine ya pili na ameajiri watu wanne, anasema kwa hao wanne yeye hakuombewa msamaha. Na wanne si mia tatu. Wote wawili bado wanakunywa chai yangu, na wote wawili wamechangia sherehe hii.

Mimi wakati ule sikuwa na hekima hiyo. Nilisema Mzee Wilibrodi amefukuza kazi ya mwanangu kwa bakuli la unga. Kila Ijumaa alikuja, akakaa kwenye kile kigoda karibu na dirisha, nikampa chai nyeusi chungu. Alikunywa yote. Alishukuru. Hakuuliza hata siku moja, na mimi kila alivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba anajua kosa lake.

Mwezi mmoja hivi baada ya kile kikao lilitoka tangazo la chuo cha ualimu. Walitaka waombaji waje na vyeti vyenyewe, si vivuli. Fortunata alikwenda na cheti kilichonuka maharage, akachukuliwa. Siku aliyoondoka nilifikiri bila Mzee kingekuwa Dar es Salaam cheti kile, kwenye stoo ya mtu, panya wanakisoma. Ijumaa iliyofuata nikamrudishia Mzee kijiko kimoja. Kimoja tu. Nilikuwa bado nasema Kampuni ingempa kazi nzuri zaidi, tena hapa hapa, analala kwangu.

Basi mwezi uliopita, katika kutayarisha sherehe, nikaambiwa nifute vumbi madaftari ya zamani ya kizuizi ili yapangwe mezani watu wayaone. Nikayafuta na kuyasoma, kwa mwendo wangu, kidole juu ya mstari. Safu ya Maelezo ya Mzee Wilibrodi, ndugu zangu, ni afadhali kuliko redio. Imo habari ya mama aliyejifungua kwenye mkokoteni na mtoto akapitishwa bila ushuru. Yumo bibi harusi. Nikafika mwezi wa nane, 1998, nikakuta haya, nami nayanakili kama yalivyo:

"Gunia 1 na kilemba. Maharage, zawadi ya wageni. Limelipiwa. Ndani bahasha 1, ya binti wa Mama Fortunata. Nimempa msemaji barua, nimeuliza kazi. Amejibu watu arobaini na wawili, wengi watakuja na mitambo. Kazi za wasichana ni mbili na wenyewe wameshapatikana. Cheti nimekitoa kisipotee. Mama asiambiwe. Gunia amelijaza kwa mikono yake."

Niliketi chini, juu ya yale madaftari.

Alijua tangu siku ile, pale pale kando ya gari. Kwenye kikao angeweza kusimama na kusema msemaji mwenyewe ameniambia arobaini na wawili, si mia tatu, akashinda ubishi wote kwa neno moja. Lakini wangemwuliza alijuaje, ilikuwaje akauliza, na bahasha ingetoka hadharani, na mimi nimesimama pale na birika. Akaona ni heri aonekane mzee mwenye swali la kuchekesha. Halafu akaja kwangu kila Ijumaa, karibu miaka mitatu, kunywa chai yangu chungu.

Ijumaa iliyofuata niliweka vijiko vitatu. Alionja, akakitazama kikombe.

"Leo tuna mgeni?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mgeni, anywe. Zaidi ya hapo sikuweza kusema, na ndiyo sababu nimeyaandika hapa mbele yenu wote, maana nilimhukumu mbele yenu wote.

Fortunata sasa ni mwalimu wa Ilemba, ameanza mwaka huu. Nina wasiwasi na joto la kule bondeni, na mbu, na kama anakula. Mzee Wilibrodi ameniambia njia ya Ilemba anaijua vizuri, hasa ya kupanda, na kwamba nikiwa na mzigo wa binti nimtume yeye, ila si kwa baiskeli tena.

Sasa, ndugu wafanyakazi, mnaliona lile gunia pale mbele karibu na meza kuu. Ni zawadi yetu kwa Mzee, maharage, na Jumatatu litapanda gari kwenda naye Laela. Lina kilemba. Mshono ni ule ule mwekundu. Ndani, karibu na mdomo, imo bahasha kutoka kwa Mwalimu Fortunata, na safari hii barua hiyo ni ya mwenye gunia. Imo pia sukari. Nilijaribu kuhesabu zile Ijumaa nikapotea njiani, nikaweka kilo tano.

Wewe Nestory, unayerithi kamba na spoku, nakuomba Jumatatu usichome gunia hilo, sukari itamwagika. Najua Mzee atasimama mwenyewe kwenye kamba yake kama wale maksai, atashuka, atatoa fedha na kudai stakabadhi. Usipokee. Muulize kwanza kama kuna msiba. Atasema hakuna, maana ni mtu wa kweli. Wewe mjibu kwamba upo, si wa kufa, Mungu aepushe, bali ni wetu sisi tunaobaki, na kwamba hilo gunia ndilo bakuli letu. Kisha vua kofia, shusha kamba.

Asante, Mzee Wilibrodi, kwa miaka thelathini na miwili, na kwa Ijumaa zile. Ufike Laela salama, mguu usikusumbue, Mama Marsiana asikuwekee tena stakabadhi kwenye sahani, na kila utakapoketi kunywa chai, iwe na vijiko vyako vitatu.